Dagaa waliadimika, wanunuzi wakaadimika zaidi: kisa cha viroba 18 vya Kibirizi

Mei 2024, wiki moja kabla Ziwa Tanganyika halijafungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, mama yangu mdogo alinunua viroba 18 vya dagaa wakavu mwaloni Kibirizi, Kigoma. Alivipanga chumbani kwake mpaka vikafika usawa wa dirisha, kisha yeye akahamia sebuleni kulala na wajukuu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Uvuvi utasimama miezi mitatu, dagaa wataadimika, bei itapanda, atauza.

Uvuvi ulisimama kweli, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Dagaa nao waliadimika kweli. Lakini katikati ya Julai viroba 13 vilikuwa bado vimeegemea ukuta ule ule, na riba ya mkopo wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, inahesabika.

Nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita hapa Tabora. Kila mwaka nachora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa ugavi na mwingine wa mahitaji, halafu nawaeleza vijana kwamba ugavi ukipungua bei hupanda. Mama mdogo hajawahi kuuona mchoro ule, lakini alichofanya ndicho mchoro unachosema. Ndiyo maana kisa chake kilinikosesha usingizi. Nilimwomba ruhusa nikiandike, akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Hesabu za fedha nimezikunja kidogo ili zifuatike kwa urahisi.

Somo la mbalamwezi

Kuelewa kwa nini alijiamini, inabidi ujue dagaa wa Kigoma wanavuliwaje. Wanavuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Wavuvi huziwasha juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga na kujikusanya, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa sababu ziwa zima linang'aa na dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala ufukweni, nyavu zikashonwa na watu wakalala nyumbani. Giza likirudi, kazi inarudi.

Bei inafuata mwezi wa angani. Wakati wa giza dagaa ni wengi na bei inalegea, mbalamwezi ikiingia bei inapanda. Mama mdogo ameishi kwa mwendo huo zaidi ya miaka 20. Ananunua gizani, anaanika kwenye chanja za waya, anahifadhi, anauza mbalamwezi. Amesomesha watoto wanne kwa tofauti ya bei hiyo peke yake. Aliposikia tangazo la kufunga ziwa alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, hii ni mbalamwezi ndefu tu."

Sentensi hiyo ndiyo kisa chote. Mimi mwenyewe nilipoisikia niliona ina akili, nikamtakia heri. Sikuona kilichofichwa ndani yake, wala sikumuuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: wanunuzi wako wanapata wapi hela?

Tumfuate mvuvi mmoja. Chombo kikirudi alfajiri na mzigo ukauzwa, hutolewa kwanza mafuta na gharama nyingine, kinachobaki wanagawana mwenye chombo na wavuvi. Kijana anashuka mwaloni na fungu lake mfukoni. Kabla jua halijachoma ameshakunywa chai na chapati kwa mama lishe, amempa bodaboda nauli ya kwenda Gungu, amenunua vocha, amelipa deni la duka. Mama lishe kwa hela hiyo hiyo ananunua unga wa muhogo, mawese na dagaa. Bodaboda jioni ananunua dagaa. Mwenye duka naye anakula dagaa. Kwa hiyo hela iliyotoka ziwani asubuhi, sehemu yake inarudi jioni kununua kilichotoka ziwani.

Sasa angalia mbalamwezi ya kawaida. Dagaa wamepungua, lakini mifuko bado ina mgao wa giza lililopita. Mtu anajua baada ya siku chache kazi itarudi, kwa hiyo habani sana matumizi. Bidhaa chache, hela ipo: bei lazima ipande. Katika miaka 20 mama mdogo hakuwahi kuona uhaba wa dagaa ambao haukuwa na hela ya juzi nyuma yake.

Kufunga ziwa miezi mitatu ni jambo la aina nyingine. Wiki mbili za mwanzo hazikuonyesha tofauti yoyote, maana mwezi ulijaa tarehe 23 Mei, na hata bila tangazo mitumbwi ingepumzika. Bei ilipanda kama kawaida, kutoka shilingi 15,000 alizonunulia kwa kilo hadi 18,000. Akasema bado, ngoja ifike 25,000. Lakini giza la Juni lilipoingia hakuna chombo kilichotoka, na hapo ndipo watu walipoanza kugusa akiba. Mwishoni mwa Juni neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu Kigoma ni lile tunalolijua sote: hela haizunguki.

Alfred Marshall, mchumi wa Uingereza aliyefundisha Cambridge, aliandika mwaka 1890 kwamba kuuliza kama bei inaamuliwa na ugavi au na mahitaji ni sawa na kuuliza ni ubapa upi wa mkasi unaokata karatasi. Na alipotaka kueleza jinsi muda unavyobadilisha bei, mfano aliouchagua ulikuwa wa samaki: uhaba wa siku moja kwa sababu ya hali ya hewa, uhaba wa mwaka au miwili, na badiliko la kizazi kizima, kila kimoja kina bei ya namna yake. Nimefundisha habari ya mkasi huo mara nyingi. Sikuwahi kuuona ukikata mpaka nilipofungua daftari la mama mdogo.

Daftari

Nilikwenda Kigoma likizo ya Juni. Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 80, jalada limelowa mafuta ya dagaa mpaka linapitisha mwanga. Anaandika kwa penseli: tarehe, jina, kiasi, na tiki kama mtu amelipa.

Kurasa za Mei zina maandishi machache yenye uzito. Kilo mbili. Kilo moja. Nusu. Tiki, tiki, tiki. Ukifika katikati ya Juni mistari inakuwa mingi na kiasi kinakuwa kidogo: wa buku, wa buku, wa jero, wa buku. Mama lishe aliyekuwa akichukua kilo tatu kila baada ya siku mbili anaonekana mara moja kwa wiki, nusu kilo, bila tiki. Yule mwenye saluni hana tiki tangu mwanzo wa mwezi. Niliyahesabu majina yasiyolipa, nikakuta mengi ni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga chombo cha uvuvi maishani mwao.

Kisha nikaona kitu kingine. Baada ya tarehe 23 ya mwezi, kilo zinarudi. Kilo moja, tiki. Kilo mbili, tiki. Nikamuuliza hawa ni akina nani. Akaanza kuwataja kwa kidole: huyu mwalimu, huyu nesi, huyu anafanya kazi ofisi ya wilaya, huyu mzee mstaafu. Ni watu ambao hela yao inatoka Hazina na haijui kama ziwa limefungwa au limefunguliwa. Bei ya 20,000 ambayo mama lishe alishindwa, mwalimu aliilipa bila maneno mengi.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huchanganyikiwa kila mwaka, na nilitamani ningelichukua daftari lile nikalibandike darasani. Kuna mtu anayenunua kidogo kwa sababu bei imepanda. Mshushie bei, atarudi kwenye kilo yake. Huyo yuko palepale kwenye mstari wake wa mahitaji, amesogea tu juu au chini. Na kuna mtu anayenunua kidogo kwa sababu kipato chake kimekauka. Huyo hata ukimrudishia bei ya Aprili hanunui kama Aprili, maana mstari wake wote umehama. Mama mdogo aliwatazama wote wawili kwa jicho moja akaona wabishi wa bei, akasubiri wachoke. Lakini wengi walikuwa wa aina ya pili, na mtu wa namna hiyo hachoki kusubiri, anabadili chakula.

Wakabadili. Maharage ya Kasulu yakawa mboga ya siku tano kwa wiki. Dagaa wa Mwanza wakaingia sokoni kwa malori. Mtu wa Kigoma kwa kawaida hamheshimu dagaa wa Mwanza, atakwambia ni mchungu na ana mchanga, lakini Julai ile nilimwona akipikwa kwa mawese nyumba ya tatu kutoka kwa mama mdogo na watu wakila. Bidhaa mbadala haihitaji kupendwa ili izuie bei ya nyingine kupanda. Inatosha iwepo na iwe nafuu.

Kusubiri kuna bei yake

Nilimshauri ashushe bei au avipeleke viroba mahali pengine. Alikataa. "Nimenunua kilo 15,000, na riba juu. Nikiuza 18,000 nimefanya kazi ya nini?"

Namheshimu sana mama mdogo, na jibu lake lina uchungu wa mtu aliyetoka jasho. Lakini zile 15,000 zilikuwa zimeshaondoka. Alizilipa Mei, na hakuna uamuzi wa Julai unaoweza kuzirudisha. Wachumi huziita gharama zilizozama. Swali la Julai linahusu kilo iliyopo mkononi: leo hapa ina thamani gani, kule ina thamani gani, mwezi ujao itakuwa na thamani gani, na kuisubirisha kunagharimu nini?

Kuisubirisha kulikuwa kunagharimu. Mkopo wa kikoba ulikuwa 1,500,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, yaani 75,000 kila mwezi zinaondoka bila kuvuka kizingiti cha duka. Na dagaa mwenyewe hakai kama noti. Siku moja alifungua kiroba mbele yangu, akamwaga dagaa kwenye ungo. Wale wa juu walikuwa bado na rangi yao ya fedha, wa chini wamegeuka njano ya kahawia, mafuta yameanza kuchacha na harufu inakaba koo. Akapepeta, vijidudu vyeusi vikaanguka kwenye turubai vikikimbilia kivuli. Alikaa kimya muda, kisha akaanza kuchambua mmoja mmoja. Kati ya kilo 180 alizonunua, kilo 10 zilipotea kwa njia hiyo na kwa kukauka.

Hata zile 15,000 zina hadithi yake. Mwanzoni mwa Mei, bila kufungwa ziwa, dagaa wa giza wangekuwa 12,000. Lakini tarehe ya kufunga ilitangazwa kwa wote. Aliyekuwa na chanja alijua, aliyekuwa na chombo alijua, mnunuzi kutoka Dar es Salaam alijua. Kila mtu alikimbilia mwaloni kujaza stoo wiki ile ile, na mbio hizo zikaipandisha bei kabla ziwa halijafungwa. Zile 3,000 za ziada kwenye kila kilo ni sehemu ya faida ya Julai ambayo mama mdogo aliilipa mapema kwa aliyemuuzia. Habari ikishajulikana na soko zima, bei huwa imeshaila sehemu kubwa ya manufaa yake.

Hela ya tumbaku

Wiki ya tatu ya Julai, nikiwa nimesharudi Tabora, nilipita sokoni jioni nikasimama kwenye meza ya dagaa. Dagaa wa Kigoma walikuwa wachache na wanagombewa. Muuzaji alinitajia bei ya jumla ya 22,000 kwa kilo bila kupepesa, na nyuma yangu kulikuwa na mtu kutoka Urambo anayetaka kiroba kizima.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijilaumu. Nilikuwa nimekaa juu ya jibu. Kwetu Tabora huo ni msimu wa malipo ya tumbaku. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupokea hela yake msimu mmoja kwa mwaka, na hela hiyo inatokana na jani linalouzwa nje ya nchi kwa dola. Haina uhusiano wowote na taa za wavuvi wa Kibirizi. Kwa hiyo Julai ile uhaba wa dagaa ulikuwa Kigoma na Tabora pia, lakini hela ilikuwa Tabora. Bei hupanda pale ambapo vyote viwili vinakutana.

Nilimpigia usiku ule ule. Aliuliza jambo moja tu, kama nina uhakika na hiyo 22,000. Siku ya nne viroba 13 vilikuwa vimefika, na yeye pamoja navyo, amechoka na vumbi kwenye mtandio. Ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli, na alisafiri ameketi macho yakiwa kwenye mzigo. Vilikwisha kwa siku nne. Siku ya mwisho walishafika wafanyabiashara wengine kutoka Kigoma na wazo hilo hilo, na bei ikaanza kulegea. Angechelewa wiki mbili angelikuta soko la Tabora limekuwa kama la kwao.

Hesabu yake ikawa hivi. Kigoma aliuza kilo 40 kwa wastani wa 18,000, sawa na 720,000. Tabora kilo 130 kwa 22,000, sawa na 2,860,000. Jumla 3,580,000. Toa mtaji wa kununulia 2,700,000, riba ya miezi mitatu 225,000, usafirishaji na wapagazi na nauli yake 190,000, viroba vipya na turubai 35,000. Zinabaki 430,000. Katika hizo, 160,000 ni za daftari, za watu wasio na tiki. Fedha taslimu aliyoishika ni 270,000, kwa miezi mitatu ya kulala sebuleni.

Mtu wa kuhesabu haraka atasema amepata faida. Jirani yake wa chanja hakununua akiba yoyote. Ziwa lilipofungwa alichukua mtaji wake mdogo akaanza kuleta maharage na mawese, akauza kwa vipimo vidogo vidogo, na kila wiki akabaki na kama 35,000. Kwa wiki 13 hizo ni 455,000, bila mkopo. Mama mdogo angeweza kuifanya kazi hiyo, anaijua, ila hela yake yote ilikuwa imelala ndani ya viroba. Kile ulichokiacha ili ufanye ulichofanya ndiyo gharama ya fursa, nayo haiandikwi kwenye daftari lolote. Ukiiweka ndani, zile 270,000 zinageuka hasara ya 185,000. Nilipomwonyesha hesabu hiyo aliniangalia kwa muda mrefu akasema, "Hiyo hasara mbona siioni mfukoni?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na sidhani kama nilimjibu vizuri.

Kuhusu ziwa lenyewe

Wapo watakaosoma hapa wakaona nasema kufunga ziwa lilikuwa kosa. Sisemi hivyo. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na zote zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane. Ziwa lisilofungwa na mtu lina ugonjwa unaojulikana: dagaa nisiyemvua mimi leo atavuliwa na mwenzangu kesho, kwa hiyo kila mmoja akitumia akili yake vizuri, wote kwa pamoja tunalimaliza. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii zinaweza kujitungia kanuni za mali ya pamoja na zikashika, mradi wanaoitumia wana sauti katika kuzitunga. Na tatizo la ziwa si nyavu peke yake. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki tena vizuri na maji ya kina yenye virutubisho, na chakula cha samaki kimepungua.

Ninachosema ni kwamba mzigo wa mapumziko hayo haukubebwa sawa. Mimi mwenye mshahara nilikula dagaa Julai nzima. Mwenye saluni wa Kibirizi alifunga duka wiki mbili, naye hakuna aliyemhesabu kama mtu wa uvuvi, kwa kuwa hana wavu wala taa. Ukipanga kufidia au kukopesha wenye vyombo peke yao, umeuona ubapa mmoja tu wa mkasi. Hili linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma yeyote anayekaa mezani kupanga tarehe hizo.

Kikoba chao kilikuwa kinavunjwa Desemba, kama vikoba vingi, ili watu wale sikukuu. Wanawake wa chanja walikaa wakabishana jioni tatu, wakakubaliana kivunjwe mwanzoni mwa Mei, ili hela igawiwe kabla ya miezi mikavu badala ya kukopwa ndani yake. Mama mdogo aliunga mkono, ingawa alisema Krismasi itakuwa ya maharage.

Mwaka uliofuata alinipigia simu mapema, kabla hata giza la Aprili. Nilidhani ataniuliza dagaa ni bei gani huku. Aliniuliza kama wakulima wa Urambo wameshaanza kulipwa.